Sahani Kuukuu Zapewa Uhai Mpya: Louis Jordan na Amana ya Sauti

Muziki unaomfuata askari ni wa namna nyingi. Uko wa gwaride, unaonyoosha migongo na kuzifanya hatua mia ziwe hatua moja. Uko wa mazishi, ambao tarumbeta huupiga peke yake huku bendera ikipepea nusu mlingoti. Tena uko wa kantini, wakati wa jioni, zamu ikiwa imekwisha na buti zimevuliwa. Huu wa mwisho hauandikwi katika ratiba ya kambi, lakini hapana kamanda mwenye busara asiyejua thamani yake. Katika makala yetu ya leo tumekusudia kuwaeleza wasomaji habari za muziki mmoja wa jamii hiyo ya tatu. Ulizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, ukawasindikiza askari wao katika Vita Kuu ya Pili, ukakaribia kusahaulika, na sasa unarudi masikioni mwa watu ukiwa umesafishwa upya. Jina lake ni jampu bluzi, yaani bluzi ya kurukaruka.

Tangu miaka ya 1970 makampuni ya santuri ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakizikusanya sahani za muziki huo, yakizisafisha sauti zake na kuzitoa upya. Kwanza zilitolewa katika santuri kubwa, kisha katika diski za CD, na siku hizi hupatikana kwa intaneti hata katika simu ya mkononi. Kila toleo hutangazwa kuwa ni bora kuliko lililotangulia. Yafaa basi tujiulize: je, kinachotolewa upya ndicho kile kile kilichopigwa zamani? Nani alikitunza? Na nani anayekula jasho lake?

Maswali haya si mageni kwa wasomaji wetu. Askari polisi anajua kwamba kielelezo kikitoka mkono hadi mkono, kila mkono lazima uandikwe, la sivyo mahakama itakitupa. Sauti iliyonaswa nayo ni kielelezo. Inatoa ushahidi kwamba siku fulani, mahali fulani, watu fulani walipuliza na kuimba hivi. Ikiharibiwa, au ikitiwa chumvi, shahidi huyo hawezi kuitwa tena.

BENDI YA WATU WACHACHE

Katika miaka ya 1930 Marekani ilitawaliwa na bendi kubwa za jazi, zenye wapigaji kumi na watano au zaidi. Vita vilipokuja, vijana waliitwa jeshini, petroli na matairi yakagawiwa kwa vipimo, na kuisafirisha bendi kubwa kukawa mzigo mzito. Ndipo zikapata nafasi bendi ndogo: saksafoni moja au mbili, tarumbeta, piano, besi na ngoma, baadaye na gitaa. Watu hao wachache walitakiwa kutoa kishindo cha watu wengi. Wakauchukua mdundo mzito wa piano, wakauongeza mwendo, wakaweka juu yake saksafoni yenye sauti ya kukwaruza na mwimbaji anayepaza sauti mpaka nyuma ya ukumbi. Maneno yao yalihusu maisha ya mtu wa kawaida: kodi ya nyumba, chakula, mapenzi, pombe, na safari za treni.

Bingwa wao alikuwa Louis Jordan. Alizaliwa tarehe 8 Julai 1908 katika mji mdogo wa Brinkley, jimbo la Arkansas. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa bendi ya matarumbeta, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe kupuliza. Mwaka 1936 Jordan aliingia katika bendi ya Chick Webb mjini New York, ambamo Ella Fitzgerald alikuwa mwimbaji. Mwaka 1938 aliondoka akaunda kikundi chake huko Harlem, na kabla ya mwaka huo kwisha akaanza kunasa sauti kwa kampuni ya Decca. Kikundi hicho kilijulikana kwa jina la Tympany Five, yaani watano, ingawa mara nyingi wapigaji walizidi hesabu hiyo.

Baina ya mwaka 1942 na 1951, nyimbo zake 18 zilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti la Billboard ya muziki wa watu weusi, na jumla ya majuma aliyokaa kileleni ni 113. Wimbo wake wa treni, Choo Choo Ch'Boogie, wa mwaka 1946, ulikaa kileleni majuma 18. Wazungu nao walizinunua sahani zake, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nchi iliyotenga watu kwa rangi.

Wasomaji wetu wa jeshi la polisi watapendezwa hasa na wimbo wa Saturday Night Fish Fry wa mwaka 1949. Unasimulia karamu ya kukaanga samaki usiku wa Jumamosi katika mji wa New Orleans. Ngoma inanoga, kelele zinazidi, mara polisi wanavamia nyumba, watu wanatawanyika, na msimulizi anajikuta rumande akijuta. Kisa chenyewe kinasimuliwa kwa kicheko, lakini mtu mweusi wa kusini mwa Marekani aliyekisikia alijua kwamba uvamizi kama huo haukuwa mzaha kila mara. Hii ndiyo ilikuwa hekima ya Jordan: alisema jambo zito kwa namna ambayo hata mwenye nguvu angecheka.

Hakuwa peke yake. Walikuwapo Wynonie Harris, Roy Brown, Joe Liggins, Roy Milton, Amos Milburn na Big Joe Turner, kila mmoja na mtindo wake. Muziki wao ndio uliozaa roki. Milt Gabler, aliyesimamia kazi za Jordan katika kampuni ya Decca, ndiye aliyesimamia pia Rock Around the Clock ya Bill Haley mwaka 1954, naye aliupeleka mdundo wa Jordan kwa kijana huyo Mzungu. Hata mwanzo mashuhuri wa gitaa katika Johnny B. Goode ya Chuck Berry una asili yake katika gitaa la Carl Hogan, aliyepiga na Jordan wimbo wa Ain't That Just Like a Woman mwaka 1946. Lakini watoto walipokua walimsahau mzazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 Decca ilikuwa imeachana na Jordan, na vijana walimwona mtu wa kale. Alifariki mjini Los Angeles tarehe 4 Februari 1975.

SANTURI ZA VITA

Hapa tunafika mahali ambapo muziki huu na jeshi vilikutana. Sahani za gramafoni za wakati ule zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wapatikanao hasa India. Vita vya bahari vilipoipunguza bidhaa hiyo, serikali ya Marekani mwaka 1942 iliamuru matumizi yake katika santuri yapunguzwe kwa asilimia 70, na wananchi wakaombwa wazitoe sahani zao za zamani zisagwe na kutumika tena. Hatuna budi kukumbuka kwamba nyimbo nyingi zilipotea hivyo, kwa nia njema kabisa. Mwaka huo huo, tarehe 1 Agosti, chama cha wanamuziki kiligoma kunasa sauti kwa sababu ya malipo. Decca ilipatana nao Septemba 1943, lakini makampuni mengine makubwa yalichelewa hadi Novemba 1944.

Askari waliokuwa ng'ambo wangekaa bila nyimbo mpya. Afisa mmoja, Robert Vincent, aliishawishi wizara ya vita, na Oktoba 1943 jeshi likaanza kutoa santuri zake lenyewe, zilizoitwa V-Disc. Wanamuziki walikubali kupiga bila malipo kwa masharti mawili: sahani hizo zisiuzwe, na vita vikiisha nakala mama ziharibiwe. Zilikuwa sahani kubwa za inchi 12, zilizoweza kubeba zaidi ya dakika sita kila upande, badala ya dakika tatu za sahani ya kawaida. Zilitengenezwa kwa plastiki isiyovunjika kwa urahisi, kwani shelaki isingeweza kuistahimili safari ya meli na lori la jeshi. Zaidi ya sahani milioni nane zilipelekwa kambini kabla ya mpango huo kufungwa Mei 1949. Louis Jordan naye alikuwamo.

Redio ya jeshi ilikuwa na kipindi kilichoitwa Jubilee, kilichoanza mwaka 1942 kwa ajili ya askari weusi. Wakati huo walitumikia katika vikosi vilivyotengwa, hali iliyoendelea mpaka amri ya Rais Truman ya tarehe 26 Julai 1948. Jordan alipiga katika kipindi hicho. Wimbo wake wa G.I. Jive, ulioandikwa na Johnny Mercer, ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1944. Habari zake ni maisha ya askari wa cheo cha chini: kuamshwa alfajiri, kutumwa huku na huko, na amri zisizokwisha. Twadhani hakuna msomaji wetu ambaye angehitaji kuelezwa kwa nini ulipendwa.

Mpango ulipofungwa, jeshi lilitimiza ahadi yake. Nakala mama ziliharibiwa, na sahani zilizobaki katika vituo zikavunjwa. Wapelelezi wa F.B.I. na askari polisi wa jeshi waliwafuatilia hata wale waliokuwa wamezibeba sahani nyumbani, wakazikamata. Hatuwezi kuwalaumu askari hao, kwani walitekeleza amri iliyotokana na mapatano ya halali. Hata hivyo ni kweli kwamba sehemu kubwa ya V-Disc tunazozisikia leo zimetoka katika masanduku ya wale waliozificha, pamoja na seti kamili iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Sheria ilikuwa na haki yake, na historia nayo ilikuwa na haki yake, wala hakuna aliyeketi kuzipatanisha. Lingewezekana jambo jepesi: nakala moja ya kila sahani kuwekwa chini ya ufunguo kwa amri maalumu, bila kuuzwa.

MASHINE ILIYOTOKA UJERUMANI

Askari mwingine alileta mapinduzi makubwa zaidi. Jina lake Jack Mullin, afisa wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani. Vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945 alipewa kazi ya kuchunguza vyombo vya umeme vya Wajerumani. Katika mji wa Bad Nauheim, kwenye kituo kilichotumiwa na redio ya Frankfurt, alikuta mashine zilizonasa sauti juu ya ukanda wa sumaku kwa usafi ambao hakuwahi kuusikia. Alizifungua mashine mbili vipande vipande, akazituma kwao kwa posta pamoja na kanda hamsini. Mwaka 1946 alizionyesha mbele ya mafundi mjini San Francisco. Mwaka uliofuata mwimbaji Bing Crosby akaanza kuzitumia kwa kipindi chake cha redio, na miaka michache baadaye studio zote zikafuata.

Msomaji anapaswa kulishika jambo hili, maana ndilo ufunguo wa kazi ya kusafisha. Nyimbo nyingi kubwa za jampu bluzi zilinaswa kabla ya ukanda kuenea. Bendi ilikusanyika chumbani, mara nyingi ikakizunguka kipaza sauti, na sauti ikachongwa moja kwa moja juu ya sahani laini. Hapakuwa na kukata na kuunga. Mpuliza saksafoni akikosea katika dakika ya pili, wote walianza upya. Tunachokisikia ni dakika tatu kamili za watu waliokuwa chumba kimoja, kama zilivyopita.

KAZI YA FUNDI

Je, fundi wa leo huifanyaje kazi yake? Hatua ya kwanza ni upelelezi. Sahani laini iliyochongwa studio ilipakwa chuma, kikapatikana chuma chenye matuta badala ya mifereji, ambacho mafundi hukiita baba. Kutoka kwa baba ilitolewa nakala ya chuma iitwayo mama, na kutoka kwa mama ukatolewa muhuri wa kugandamizia sahani za dukani. Fundi mwaminifu hutafuta kwanza chuma hicho. Akikikosa hutafuta ukanda ulionakiliwa zamani kutoka kwenye chuma, na akiukosa huo huwaendea wakusanyaji wa sahani, akilinganisha nakala tano au kumi za wimbo mmoja mpaka apate isiyolika sana. Toleo duni ni lile lililonakiliwa kutoka toleo jingine, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka jingine, kama uvumi unaovuka vijiji vitatu.

Hatua ya pili ni kuosha na kuchagua sindano. Mfereji wa sahani ya zamani ni mpana takriban mara tatu kuliko ule wa santuri za baadaye, kwa hiyo sindano ya kisasa huzama chini yake na kuokota takataka tu. Fundi huwa na sindano za ukubwa mbalimbali, naye hutafuta ile itakayogusa kuta za mfereji mahali ambapo sindano nzito za zamani hazikupakwangua.

Hatua ya tatu ni mwendo. Sahani hizo zasemekana zilizunguka mara 78 kwa dakika, lakini mitambo ya kuchongea haikuwa sawa sawa siku zote. Mwendo ukizidi kwa sehemu sita katika mia, wimbo mzima hupanda nusu sauti, mwimbaji mwenye kifua kizito akasikika kama kijana, na saksafoni ikapoteza uzito wake. Wapigaji wa bendi zetu za jeshi na polisi wanajua kwamba kila ala ina sauti zinazoiangukia vizuri. Fundi hutumia elimu hiyo hiyo kukisia wimbo ulipigwa katika ufunguo gani, kisha hurekebisha mwendo.

Hatua ya nne ni kusawazisha sauti nene na nyembamba. Wakati wa kuchonga, sauti nene zilipunguzwa ili mfereji usivuke kwenye jirani yake, na nyembamba zikaongezwa ili zishinde mchakacho. Mchezaji wa sahani hutakiwa kuligeuza jambo hilo. Tatizo ni kwamba kabla ya mwaka 1954, ulipokubaliwa utaratibu mmoja, kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Asiyejua kipimo cha kampuni husika husawazisha kwa kubahatisha.

Hatua ya tano ndiyo yenye majaribu. Kompyuta zaweza kuondoa milio ya mikwaruzo na ule mchakacho unaofanana na mvua juu ya bati. Kampuni ya CEDAR ya Cambridge, iliyoundwa mwaka 1988 kutokana na utafiti uliohusisha hifadhi ya sauti ya taifa ya Uingereza, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Lakini pumzi ya mpulizaji inayopita pembeni mwa mdomo wa saksafoni, matoazi yanayotetema, na mwangwi wa chumba, vyote hufanana na mchakacho. Fundi mwenye pupa huviondoa pamoja, na kinachobaki ni muziki safi uliokufa. Wako pia waliofanya kinyume: katika miaka ya 1960 makampuni mengi yalizichukua sauti za kipaza kimoja yakazigawa kwa hila kushoto na kulia, yakaongeza mwangwi, ili zionekane za kisasa. Huo ulikuwa ushahidi wa kutunga.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo marekebisho hutenda haki. Saturday Night Fish Fry ulikuwa mrefu kuliko uwezo wa upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa katikati, na msikilizaji wa 1949 alilazimika kuinuka na kuigeuza sahani kabla ya kujua mwisho wa karamu. Katika matoleo mapya pande hizo mbili huungwa, na kisa kinakwenda moja kwa moja mpaka rumande. Hapo fundi hajaongeza neno, amefungua mlango uliokuwa umefungwa na chombo.

MOTO WA 2008

Tarehe 1 Juni 2008 moto mkubwa uliunguza sehemu ya eneo la studio za Universal huko Hollywood. Habari za siku ile zilihusu zaidi majengo ya sinema. Miaka kumi na mmoja baadaye, Juni 2019, gazeti la New York Times lilieleza kwamba ghala moja lililoungua lilikuwa na nakala mama nyingi za muziki, zikiwamo za Decca, na Louis Jordan akatajwa miongoni mwa wenye kazi zilizokuwa katika hazina hiyo. Kampuni yenye mali hiyo ilipinga ukubwa wa hasara uliotajwa. Sisi hatuingilii ubishi wa hesabu. Lililo dhahiri ni kwamba vitu visivyo na mwenzake duniani viliwekwa mahali pamoja, chini ya paa moja, na umma ukakaa zaidi ya miaka kumi bila kuelezwa.

Mtunza ghala la silaha anajua adhabu ya kutokuwa na hesabu ya kilichomo. Bunduki iliyopotea yaweza kununuliwa nyingine, lakini sauti iliyonaswa mwaka 1946 haina kiwanda. Baada ya moto huo, kazi ya wale waliokuwa wametoa matoleo ya uangalifu kabla yake ilipata uzito mpya. Kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilikuwa imekusanya nyimbo zote za Jordan za Decca, za 1938 hadi 1954, katika toleo moja mwaka 1992. Kampuni ya JSP ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa diski tano mwaka 2001. Kampuni ya Mosaic ya Marekani ilizitoa diski saba za kazi za Amos Milburn mwaka 1994. Makampuni haya ni madogo yakilinganishwa na wenye maghala, lakini yaliifanya kazi ya lindo.

HAKI YA MWENYE JASHO

Lipo jambo moja ambalo usafi wa sauti hauwezi kulifunika. Ni malipo. Jordan mwenyewe alipata funzo chungu. Ili kukwepa mkataba aliokuwa nao na mchapishaji mmoja, nyimbo kadhaa, ukiwamo Caldonia wa mwaka 1945, ziliandikishwa kwa jina la mkewe Fleecie Moore. Ndoa ilipovunjika, mapato ya nyimbo hizo yalibaki kwa mwanamke huyo. Wengine walikuwa na hali mbaya zaidi. Roy Brown, aliyeutunga Good Rockin' Tonight mwaka 1947, alifika mahali pa kuuza ensaiklopidia nyumba kwa nyumba ili aishi.

Lakini Roy Brown ndiye pia mfano wa mema ambayo toleo jipya laweza kuleta. Katika miaka ya 1970 Msweden mmoja, Jonas Bernholm wa Stockholm, alianzisha kampuni ndogo ya Route 66 kwa ajili ya kuzitoa upya sahani za aina hii, naye alijulikana kwa kuwatafuta wanamuziki wenyewe na kuwalipa. Matoleo ya Roy Brown yaliamsha hamu ya wasikilizaji, na mwaka 1978 mzee huyo alialikwa nchi za Skandinavia akaimba mbele ya kumbi zilizomshangilia. Alifariki mwaka 1981. Laiti sahani zingesafishwa miaka mitatu baadaye, sifa zingelifika kaburini.

Sheria za nchi hazifanani. Katika Ulaya haki ya sauti iliyotolewa ilikuwa miaka 50, ikaongezwa kuwa 70 kuanzia Novemba 2013, ila zile ambazo muda wake ulikuwa umekwisha hazikurudishiwa ulinzi. Kwa hiyo nyimbo zote za miaka ya 1940 ni huru kwa upande wa sahani, na kila mwenye kompyuta aweza kuzitoa. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2018 yazilinda sahani za 1923 hadi 1946 kwa miaka 100, na za 1947 hadi 1956 kwa miaka 110. Hiyo ndiyo sababu mikusanyo mingi ya bei nafuu hutoka Ulaya. Faida yake ni kwamba muziki umeenea. Hasara yake ni kwamba jamaa za waliopiga hawalazimiki kupata hata senti, na wengi wa watoaji hao hawagharimiki kutafuta nakala bora.

MWENYE KUTAKA KUSIKILIZA

Msomaji atakayependa kuusikia muziki huu na ayaangalie mambo matatu. Kwanza, tarehe. Mwaka 1956 Jordan alizipiga upya nyimbo zake mashuhuri kwa kampuni ya Mercury, chini ya mpangaji muziki kijana Quincy Jones. Ni kazi nzuri, lakini si zile za awali, na matoleo mengine huzichanganya bila kusema. Kama karatasi ya maelezo haitaji mwaka na mahali pa kunasia, afadhali kuiacha. Pili, chanzo. Mtoaji mwaminifu husema amenakili kutoka chuma, ukanda au sahani. Tatu, sikio lenyewe. Mchakacho kidogo si aibu. Ukisikia matoazi na pumzi ya saksafoni, fundi alikuwa na adabu. Ukisikia ukimya mzito kama wa blanketi, ujue kwamba pamoja na vumbi amefuta na mtu.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kisa cha Louis Jordan si cha Marekani pekee kwa mafunzo yake. Kila kikosi chenye bendi kina wapigaji waliostaafu na waliofariki, na penye redio ya taifa pana kanda za zamani. Kanda hukauka, ukungu hula, na afisa mpya anayetafuta nafasi ya meza huamuru makasha yatupwe. Kabla ya kutoa amri hiyo, na aulize kilichomo. Aandike majina ya waliopiga, tarehe na mahali, atoe nakala, na nakala hizo aziweke mahali pawili tofauti. Tena asiitupe ile ya kwanza kwa kudhani kwamba ya pili yatosha, kwa maana fundi wa kesho atakuwa na chombo kizuri kuliko cha leo, naye atakirudia kielelezo cha asili.

Jordan aliingizwa mwaka 1987 katika jumba la heshima la muziki wa roki, miaka kumi na miwili baada ya kufa kwake. Mwaka 2008, mwaka ule ule wa moto, posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha ya tangazo la filamu yake ya Caldonia. Heshima hizo ni njema, lakini mwenyewe hakuziona. Iliyo bora zaidi ni kwamba mtu akiigusa sahani yake iliyosafishwa kwa uaminifu, bado atawasikia watu wachache katika chumba kimoja, wakipiga kwa mara moja bila kukosea, na mmoja wao akivuta pumzi kabla ya kupuliza.